Fanani, Hadhira na Haki: Kisa cha Lynette Dawson

Lynette Dawson alitoweka Sydney, Australia, mnamo Januari 1982. Mwaka 2001 na 2003, chunguzi mbili za kimahakama zilipendekeza mtu anayejulikana ashtakiwe, hakuna aliyeshtakiwa. Mwaka 2018 mwanahabari Hedley Thomas alikisimulia kisa hiki katika podikasti The Teacher's Pet; Desemba mumewe, Chris Dawson, akakamatwa. Lakini fanani hasimulii mbele ya hadhira bubu. Wasikilizaji walikwisha kuhukumu, hivyo utetezi ukaomba kesi ifutwe daima. Mwaka 2020 mahakama iliiahirisha tu, na mwaka 2022 jaji akaisikiliza peke yake, bila jopo la raia, akamtia hatiani. Simulizi iliyoifufua kesi ilikaribia kuizika. Mwili wa Lynette haujapatikana.