Plau Moja, Kaya Tatu

Huku kwetu Bariadi si ajabu kuona plau moja ikilima mashamba ya kaya tatu. Maktaba za pamoja za kompyuta zilianza kwa hesabu hiyohiyo. Miaka ya 1980 kumbukumbu ilikuwa ghali, kwa hiyo wahandisi, wakiwemo wa Sun Microsystems, wakaacha kuipa kila programu nakala yake ya kazi za kawaida kama kufungua faili. Nakala moja iliwekwa kwenye diski, programu zote zikaazima. Ugomvi ulizaliwa hapo: anayeibadilisha plau hajui nani mwingine anaitegemea.

RViz, programu inayomwonyesha mtafiti kile roboti inachokiona, imepitia ugomvi huo. Ni sehemu ya ROS, mfumo uliolelewa na Willow Garage huko California kuanzia 2007. Mwaka 2012 RViz ilihamia kwenye Qt, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe. Desemba ya mwaka huohuo Qt ikatoa toleo la 5, ambalo haliwezi kukaa na la 4 ndani ya programu moja inayofanya kazi: majina ni yaleyale, yaliyomo ni tofauti. ROS Indigo ya 2014 ilibaki na la 4. Kinetic ya 2016 ikachukua la 5. Ukiingiza nyongeza ya zamani kwenye RViz mpya, dirisha linazimika.

Dawa ya zamani ni amri ya ldd: unaangalia faili lipi linaita toleo lipi, kisha unaijenga upya nyongeza. Dawa ya pili ilikuja na Docker mwaka 2013. Kila programu inafungwa kwenye kontena pamoja na maktaba zake zote, yaani kila kaya na plau yake. Siku hizi wengi watakushauri hiyo tu, na naona wanasahau kwamba inamfaa zaidi mwenye intaneti isiyopimwa.

Mimi naigiza kwenye kompyuta roboti ya kupita katikati ya mistari ya pamba, na likizo naifanyia kazi nyumbani kwa bando la simu. Kontena la ROS lenye RViz lina gigabaiti kadhaa. Nyongeza ya kuchora mistari niliirithi kwa mwanafunzi aliyenitangulia, nayo ilijengwa kwa Qt 4. Msimamizi alitaka kuiona ikifanya kazi wiki iliyofuata.

Nikashika ldd. Katika Qt 5, vitufe na madirisha vilitolewa QtGui vikapewa makao yao, QtWidgets (kama sisi tulivyotolewa Shinyanga mwaka 2012 tukawa Simiyu). Nilirekebisha majina hayo kwenye faili la CMake na sehemu chache za msimbo, nikajenga upya. Faili za Qt 5 zilikuwa tayari kwenye mashine. Bando halikuguswa, na mistari ya pamba ikaonekana.

Kontena nililipakua baadaye, chuoni. Liko kwenye flashi, na rafiki yangu wa Maswa ameshalinakili.