Tineja anapogeuzwa mkalimani wa daktari

Familia ya wakimbizi inapohamia nchi za ng'ambo, anayetangulia kuimudu lugha ya wenyeji kwa kawaida si baba wala mama, bali ni mtoto aliyepelekwa shuleni. Baada ya miezi michache tineja huyo ndiye anayesoma barua za benki, ndiye anayepokea simu ya mwenye nyumba, na ndiye anayeketi kati ya mama yake na daktari. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa Kiingereza cha uwanjani na darasani si Kiingereza cha hospitalini.

Wataalamu wa afya ya umma hutofautisha ujuzi wa lugha na kile kinachoweza kuitwa ufahamu wa afya, yaani uwezo wa mtu kutafuta habari kuhusu afya, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia anapofanya uamuzi. Dhana hii ilianza kutajwa katika maandishi ya kitaaluma miaka ya 1970. Haihusu kusoma na kuandika pekee. Mtu aliyehitimu chuo kikuu anaweza kushindwa kufuata maagizo ya dawa, sembuse kijana wa miaka 14 aliyezaliwa kambini.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Katika mwaka wa fedha wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani: watu 16,370. Wengi walikuwa wamekaa miaka mingi katika kambi kama vile Nyarugusu nchini Tanzania au Kakuma hapa Kenya, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha walizobeba. Watoto wao walijikuta katika madarasa ya Kiingereza huko Kentucky, Texas na Idaho, na jioni wakawa makarani wa nyumba zao.

Tuseme daktari ameagiza kwamba mgonjwa afike kwa upasuaji saa 7 asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Kijana anayetafsiri tarakimu badala ya wakati atamwambia mama yake "saa saba", na mama, aliyelelewa katika hesabu ya saa ya Kiswahili, atafika adhuhuri ikiwa imepita na kukuta nafasi yake imefutwa. Kosa hilo hilo kwenye sindano ya insulini inayopaswa kudungwa kabla ya kifungua kinywa lina madhara makubwa zaidi. Kijana mwenyewe hajui kwamba amekosea. Kila neno alilolisema lilikuwa sahihi.

Vijiko navyo vina mtego wao. Kijiko cha chai hupima mililita 5 na kijiko kikubwa mililita 15, hivyo anayevichanganya humpa mtoto mchanga dawa mara tatu ya kipimo. Kwa sababu hii, mwaka wa 2015 chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kilipendekeza dawa zote za maji zipimwe kwa mililita pekee, na vijiko viachiwe chai.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe si kimoja. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, "munganga" ni daktari wa hospitali. Nchini Tanzania, Mganga Mkuu wa Serikali ni afisa wa ngazi ya juu katika Wizara ya Afya. Lakini Mkenya akisikia kwamba mgonjwa alikwenda kwa mganga kabla ya kuja kliniki, atafikiria hirizi na mitishamba. Mkalimani wa simu aliyekulia Nairobi anaweza kumweleza daktari jambo ambalo mgonjwa wa Uvira hakulisema kamwe.

Kuna kisa kimoja ambacho hutajwa mara kwa mara katika mafunzo ya wakalimani. Mwaka wa 1980, katika jimbo la Florida, kijana wa miaka 18 kutoka familia yenye asili ya Kuba alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake walitumia neno la Kihispania "intoxicado", ambalo kwao lilimaanisha kuwa amedhuriwa na kitu alichokula. Wahudumu walielewa kwamba ametumia dawa za kulevya kupita kiasi, wakamtibu hivyo. Damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Ilipogunduliwa, muda ulikuwa umepita, na kijana huyo akabaki amepooza mikono na miguu. Shauri lililofuata lilimalizika kwa makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 71 kwa kipindi cha maisha yake.

Mbali na makosa ya maneno, kuna heshima. Mkalimani aliyefunzwa hufundishwa kutoongeza wala kupunguza. Mvulana wa miaka 15 atamuulizaje mama yake, mbele ya mgeni, kuhusu hedhi, mimba iliyoharibika au ubakaji wakati wa vita? Ama atanyamaza, ama atalainisha swali hadi lipoteze maana. Na daktari akitamka kwamba uvimbe ni saratani, mtoto ndiye wa kwanza kuisikia habari hiyo, kisha aamue atamwambia mzazi kiasi gani.

Kanuni zilizotolewa Marekani mwaka wa 2016 chini ya sheria ya huduma za afya ya 2010 zilikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali ya nchi hiyo kuwatumia watoto kama wakalimani, isipokuwa katika dharura inayotishia uhai au usalama ambapo mkalimani anayefaa hapatikani papo hapo. Ni kanuni njema. Hata hivyo, haifiki jikoni, ambako kibandiko cha chupa ya dawa husomwa usiku baada ya kliniki kufungwa.

Katika shughuli hizi zote, afya ya tineja mwenyewe husahaulika. Hata vipimo vilivyobuniwa kukadiria ufahamu wa afya havimsaidii sana. Kimoja, kilichotolewa mwaka wa 2006 kwa ajili ya vijana, humtaka asome maneno 66 kwa sauti, jambo linalopima matamshi kuliko maana. Kingine, cha mwaka wa 2005, humpa lebo ya aiskrimu na kumuuliza maswali sita. Aliyekulia katika joto la Turkana akipokea mgao wa mahindi na mafuta ana haki ya kuistaajabia lebo hiyo.

Umri nao huleta utata. Zaidi ya vijana 3,500 wa Sudan, waliofika Kakuma kuanzia 1992 baada ya safari ndefu ya miguu, walihamishiwa Marekani karibu na mwaka wa 2001. Wengi waliandikiwa tarehe moja ya kuzaliwa, 1 Januari, kwa kuwa hakuna aliyeijua ya kweli. Ratiba ya chanjo na haki ya kutia sahihi matibabu bila mzazi hutegemea tarehe hiyo.

Wauguzi wenye uzoefu wameacha kuuliza, "Umeelewa?" Kijana aliyefunzwa adabu hujibu "ndiyo" kwa kila mkubwa. Badala yake humwomba aeleze kwa maneno yake dawa itatumiwaje nyumbani. Akisema itamezwa saa nane, humwomba aoneshe kwenye saa ya ukutani mshale utakuwa wapi.