Mafungu ya Insha na Vituo vya Safari

Mwalimu afundishaye Tabora hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kufundishia insha. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi penye Tura, ikafika Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji, ilikuwa na taratibu zake. Taratibu hizo zafaa sana kumwonyesha kijana jinsi ya kuandika fungu la maneno, ambalo siku hizi twaliita aya.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa. Kwa miaka kadhaa, kila nilipoona insha iliyovurugika, niliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Panga mawazo yako," wala sikumwonyesha mtoto namna ya kuyapanga. Nilikuwa kama mtu ampigiaye kelele mpagazi kwamba mzigo wake umelegea, asimpe kamba. Siku moja kijana aliandika habari za nyumba ya Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872. Katika fungu moja alitia miembe, reli iliyofika Tabora mwaka 1912, mlango wa nakshi, vita vya Mirambo, na njaa yake mwenyewe ya njiani. Kila neno lilikuwa kweli, lakini msomaji hakujua anapelekwa wapi.

Basi nikawasimulia wanafunzi habari za Jacob Wainwright. Mwafrika huyu alisomeshwa na wamisionari huko Nasik, Bara Hindi, na mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu waliopelekwa Unyanyembe kumtumikia Livingstone. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, Susi na Chuma hawakuondoka kwa pupa. Walifungua masanduku mbele ya wote, na Wainwright akaandika orodha ya vitu vilivyomo. Baadaye wakauchukua mwili pamoja na mizigo, wakapita Unyanyembe, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Orodha kwanza, mzigo baadaye, safari mwisho: hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya insha. Mwanafunzi na aandike mambo yake yote katika karatasi ya kando, kisha atenge yale yaendayo pamoja.

Kanuni ya pili ni mzigo. Mpagazi alichukua kadiri ya frasila 2, yaani ratili 70, au karibu kilo 32. Nguo za merikani zilifungwa peke yake, ushanga peke yake, na nyaya za shaba peke yake. Vivyo hivyo fungu moja lichukue jambo moja.

Ya tatu ni kirangozi. Yeye alitangulia na bendera, na wote wakamfuata. Sentensi ya kwanza ndiyo kirangozi wa fungu. Nyingine zisiiache njia yake.

Ya nne ni kituo. Msafara uliondoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali ukapiga kambi penye maji. Palipokuwa na nyika isiyo na maji walikwenda terekeza: waliondoka mchana, wakalala porini, wakayafikia maji siku ya pili yake. Hivyo jambo lililo refu likatwe mafungu mawili, lakini la pili lianze kwa neno la kuliunganisha na la kwanza.

Kijana yule akaandika tena. Safari hii alichagua nyumba peke yake, akasema: "Nyumba ya Kwihara ilijengwa na watu waliokusudia kukaa. Kuta zake ni nene, za udongo. Mlango wake umechongwa nakshi kwa namna ya pwani. Msafiri wa usiku mmoja hahitaji mlango wa namna hiyo." Ni sentensi nne tu, na msomaji amefika kituoni.

Kwa nini nahangaika kwa jambo dogo namna hii? Wapagazi maelfu walipita njia hii, wengi wao Wanyamwezi, na habari zao twazisoma zaidi katika vitabu vya Burton, Stanley na Cameron, kwa kuwa hao ndio waliokuwa na kalamu. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Lakini yeye alikuwa mwenye mizigo, si mchukuzi wake. Na wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Vitukuu na vilembwe vya wapagazi wale wameketi leo mbele yetu madarasani. Wanazo habari walizosikia nyumbani, ambazo hazimo katika kitabu chochote. Walimu wenzangu, tukiwafundisha kufunga mizigo yao vema, habari hizo zitafika. Tusipowafundisha, zitaanguka njiani, na lawama itakuwa yetu.