Daraja Lisilodai Kila Mwaka

Daraja huzinduliwa kwa siku moja, nalo hutazamiwa kufanya kazi miaka mia. Siku ya kukata utepe viongozi huwapo na ngoma hupigwa. Lakini je, nani atakuwapo mwaka wa thelathini, nondo zitakapoanza kushika kutu?

Swali hilo lina uzito wake Ufipa. Sumbawanga imekaa juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mvua za Novemba hadi Aprili huporomoka kwa nguvu kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Bonde la Rukwa. Barabara ya kutoka Tunduma ilipata lami katika miaka ya 2010 tu, kwa msaada wa Marekani uliotiwa saini Februari 2008. Nje ya lami hiyo, kalvati moja likichukuliwa na maji, mahindi hukwama ghalani na mama mjamzito hukwama njiani.

Wahandisi wanajua mahali daraja linapoanzia kuugua. Mara nyingi ni kwenye maungio, pale palipoachwa nafasi ili zege litanuke wakati wa joto. Maji hupenya hapo, chuma hula kutu, zege hupasuka. Ndiyo maana katika nchi nyingi madaraja mafupi yapitayo juu ya barabara kuu hujengwa siku hizi bila maungio hayo, kwani kuzuia magari ya chini ili kufanya matengenezo ni hasara kubwa.

Huko Kigoma, ng'ambo ya Katavi, jibu limekuwa la kale zaidi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, umejenga madaraja ya upinde wa mawe kwa msaada wa Ubelgiji. Elimu yenyewe ni kongwe: Daraja la Fabricius mjini Roma lilijengwa mwaka 62 kabla ya Kristo, na watu wanalipita hadi leo. Katika upinde, kila jiwe humwegemea mwenzake, na mzigo unaoyaelemea mawe ndio unaoyabana. Hamna nondo ya kuliwa.

Wafipa hawana haja ya kufundishwa tabia za chuma. Mababu zao walikiyeyusha katika malungu, zile tanuri ndefu za udongo, na walijua jembe lililoachwa mvuani huwaje.

Kweli, mito mipana kama Momba bado huhitaji zege na chuma. Wala upinde wa mawe haukosi madai yake: majani yang'olewe, mizizi ikatwe, maji yasiuchimbe msingi. Lakini hiyo ni kazi ya panga na jembe, na kijiji kinaiweza bila kungoja bajeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Basi mjenzi mwenye busara na ajenge daraja ambalo ufa wake wenyeji wanaweza kuuziba wenyewe.