Dawa Iliyopimwa

Zamani mgonjwa wa Ulaya alipokwenda kwa muuza dawa alimkuta na kinu na mchi, akitwanga na kuchanganya, kisha akifinyanga vidonge kwa vidole vyake. Kidonge kimoja huenda kikazidi kiasi, na mwenziwe kikawa karibu kitupu. Kwa dawa kali kama afyuni, tofauti hiyo yaweza kuua mtu.

Katika shida hiyo Wamarekani wawili, Silas Burroughs na Henry Wellcome, waliona biashara. Wote wawili walisomea kazi ya dawa mjini Philadelphia, na huko mashine za kukandamiza unga wa dawa zilikuwa zimekwisha kutumika. Ajabu ni kwamba aliyeibuni njia hiyo, mwaka 1843, alikuwa Mwingereza, William Brockedon. Lakini Waingereza wenzake hawakuishughulikia sana. Burroughs alifika London mwaka 1878, na mwaka 1880 yeye na Wellcome wakafanya shirika. Mwaka 1884 wakaandikisha jina la vidonge vyao, "Tabloid", asilitumie mtu mwingine.

Wellcome alijua sana kutangaza mali. Stanley alipofunga safari ya kumtafuta Emin Pasha, mwaka 1887, kampuni ilimpa bure masanduku 9 ya dawa, naye akayasifu katika kitabu chake. Wapagazi zaidi ya 600 waliandikwa Unguja kwa safari ile. Wengi wao hawakurudi. Njaa na maradhi ya msituni viliwamaliza. Dawa iliyopimwa vema haiwi chakula, wala matangazo hayakuwataja watu hao.

Washirika wale wawili hawakupatana. Walifikishana mahakamani mwaka 1889, na Burroughs akashindwa. Alipofariki mwaka 1895, kampuni ikawa ya Wellcome peke yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imefungua maabara ya kutengeneza dawa ya ugonjwa wa dondakoo, unaowasonga watoto roho. Tangu hapo haikuuza tu dawa zilizojulikana, bali ilitafuta mpya.

Wellcome alikufa mwaka 1936. Katika wasia wake aliiacha kampuni mikononi mwa wadhamini, faida yake itumike kwa utafiti wa afya. Mwaka 1995 kampuni ilinunuliwa na Glaxo, lakini amana ile ya Wellcome ilibaki na fedha zake. Ndiyo iliyoshirikiana na Kenya kufanya utafiti wa malaria huko Kilifi, tangu mwaka 1989.