Gavana wa Mwaka 1969

Tuseme filamu inasimulia Kisumu ya Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Suruali ni pana miguuni, magari ni ya enzi hiyo. Kisha mhusika anatamka: “Gavana amefika.” Hapo mtazamaji wa Kondele ataguna.

Neno lenyewe si geni. Wakoloni walikuwa na gavana wao, makao yake Nairobi. Baada ya uhuru cheo hicho cha utawala kikafa, kisirudi hadi uchaguzi wa Machi 2013 ulipoleta serikali za kaunti. Mwaka 1969 mkubwa wa Nyanza alikuwa mkuu wa mkoa, na chini yake wakuu wa wilaya. Hospitali nayo watu waliiita Russia. Jina lake la sasa, la Jaramogi Oginga Odinga, lilikuja baadaye sana.

Hata kamera ikigeukia ziwa pale Dunga, magugumaji yataisaliti filamu: yalifika upande wetu wa Kenya karibu mwaka 1990.

Mwandishi wa filamu, kabla ya kupiga picha, mpe mzee wa Kaloleni mazungumzo akusomee kwa sauti. Anapokwama, futa.