Nani aliitia sukari bandia kwenye glasi ya mama mjamzito?

Kila tukizungumzia chakula kwenye kipindi, dada zetu wajawazito hapa Jozi wanatuuliza: hii sukari bandia ni salama kwa mtoto? Swali zuri. Ila mimi naona kuna jingine nyuma yake: nani alichagua mama aitumie? Maana zamani ilikuwa hiari ya mtu.

Turudi 1879, Baltimore, Marekani. Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi na kemikali za lami ya makaa ya mawe kwenye maabara ya Ira Remsen. Akarudi nyumbani bila kunawa vizuri, akala, akashangaa mkate umekuwa mtamu. (Bibi zetu wangemgombeza kwanza, pongezi baadaye.) Hiyo ndiyo sakarini. Kwa miaka mingi ilikuwa ya wagonjwa wa kisukari, na ya kila mtu sukari ilipoadimika wakati wa vita vile vikuu viwili.

Hofu kubwa ilikuja 1977, na tumbo la mama lilikuwa katikati yake, kitu ambacho watu wengi hawakisimulii. Watafiti wa Kanada waliwalisha panya sakarini kwa vizazi viwili, yaani watoto waliikuta tangu wakiwa tumboni. Madume ya kizazi cha pili yakaota uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Kanada ikaizuia, Marekani ikataka kuizuia, ikaishia kubandika onyo kwenye pakiti. Baadaye ikaeleweka kwamba mkojo wa panya una mambo yake ambayo binadamu hana, na onyo likaondolewa mwaka 2000. Lakini sakarini hupita kwenye kondo la nyuma na hutoka polepole mwilini mwa kijusi. Kwa hiyo madaktari wengi bado humwambia mjamzito aiache, ingawa madhara kwa watoto wa binadamu hayajathibitishwa.

Aspatemi ni habari tofauti. James Schlatter aliigundua 1965 baada ya kulamba kidole ili ainue karatasi. (Hawa wanakemia na mikono yao, jamani!) Ikifika tumboni inavunjwavunjwa, kwa hiyo haimfikii mtoto ikiwa nzima. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, ndiye anayepaswa kuikwepa kabisa. Julai 2023 shirika la saratani la WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani, na wakati huohuo kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ikabaki na kiwango chake cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa makopo 9 hadi 14 ili akipite. Binafsi hilo linanituliza.

Sasa tuje nyumbani. Februari 2016 Waziri wa Fedha, Pravin Gordhan, alitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari, na tarehe 1 Aprili 2018 ikaanza: senti 2.1 kwa kila gramu inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Nia ilikuwa njema, kisukari kinatumaliza kweli. Viwanda vikafanya hesabu, vikapunguza sukari, na pengo vikalijaza kwa utamu bandia. Sizungumzii soda za "diet". Nazungumzia soda ya kawaida, chupa ileile unayonunua spaza, na juisi ya kuchanganya na maji ambayo mama anampa kila mgeni. Geuza chupa usome yale maandishi madogo: utakuta siklameti, ambayo Marekani iliipiga marufuku 1969, imekaa pamoja na sakarini.

Matokeo yake yanafika hadi kwenye maziwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima maziwa ya wanawake 20 wanaonyonyesha, wakakuta utamu bandia, kama sukralozi na sakarini, kwa asilimia 65 yao. Wamo hata waliosema hawavitumii! Aspatemi haikuonekana. Viwango vilikuwa vidogo, hakuna aliyesema watoto waliumia, lakini hebu fikiria: mtu anakuambia hatumii, na maziwa yake yanasema anatumia.

Januari 2023 wizara ya afya hapa ilitoa rasimu ya lebo mpya: pembetatu nyeusi mbele ya pakiti, kuonya kuhusu sukari, chumvi na mafuta yaliyozidi, na moja ya utamu bandia, hata ukiwa kidogo. Hiyo ya mwisho ndiyo ningependa wifi yangu, mwenye mimba ya miezi sita, aione bila kuvaa miwani.